Nyumba Ipendeze Bila Kufilisika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mapambo ya Ndani na Nje

Haya ni maswali ninayoulizwa karibu kila wiki na watu wanaotaka nyumba zao zipendeze kwa gharama ndogo. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu ndipo watu wanapopotezea hela. Mengine ni ya mistari miwili tu, maana jambo lenyewe ndivyo lilivyo.

Nina hela kidogo sana. Nianzie wapi?

Anza kwa kutoa. Chukua boksi kubwa, zunguka sebule yote na uweke ndani kila kitu kidogo kilichokaa juu ya meza, kabati na rafu: vinyago, maua ya plastiki, vikombe vya zawadi, picha za mezani. Lifiche boksi siku tatu. Siku ya nne rudisha vile tu ulivyovikumbuka. Kwa kawaida havifiki hata nusu.

Baada ya hapo panga upya ulivyonavyo. Vuta kochi litoke ukutani kidogo, hata kiganja kimoja. Hakikisha kati ya kochi na meza ya katikati pana sentimita 40 hadi 45, ili mtu afikie kikombe bila kuinuka na bado apite bila kugonga goti. Njia ya kupitia ikae sentimita 75 au zaidi. Hayo yote ni ya bure, na mara nyingi mtu akishamaliza anagundua kwamba kile alichotaka kununua hakihitaji tena.

Utaratibu wangu ni huu: kutoa, kupanga, mwanga, vitambaa, rangi, na mwisho kabisa ndiyo pambo la kununua. Wengi wanaanza na hilo la mwisho, halafu wanashangaa mbona chumba bado hakikai sawa.

Mbona sebule yangu inapendeza mchana lakini usiku inakuwa kama ofisi?

Ni taa, tena nina hakika nusu ya matatizo ninayoitiwa ni taa. Una balbu moja katikati ya dari, kali na ya bluu, inayomwaga mwanga kutoka utosini. Mwanga wa namna hiyo hutia kivuli chini ya macho ya kila aliyeketi na kuziacha kona zote gizani.

Angalia boksi la balbu, utaona namba yenye herufi K. Hiyo ndiyo inayokuambia rangi ya mwanga. 2700K hadi 3000K ni mwanga wa joto, wa njano kidogo, na ndio unaofaa sebuleni na chumbani. 4000K ni mweupe wa kawaida, mzuri jikoni unapokatia vitu. 6500K ni ule wa bluu unaofanana na mchana wa mawingu. Uache kwenye karakana. Bei ya balbu hizi kwa kawaida ni ileile, kwa hiyo hapa unapata mabadiliko makubwa kwa kusoma boksi tu.

Jambo la pili, usihesabu wati. Balbu ya LED ya wati 8 au 9 hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 800, sawa na ile ya zamani ya wati 60. Sebule ya kawaida hukaa vizuri ikiwa na taa tatu ndogo za urefu tofauti, moja ya kusimama, moja ya mezani na moja ya rafuni, kuliko moja kubwa ya darini. Ya darini iwashe unapotafuta sindano.

Niliwahi kuingia chumba ambacho mwenye nyumba aliniambia fundi kakipaka rangi mbili tofauti. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa maziwa, wa kulia ulikuwa wa kijivu. Rangi ilikuwa moja. Taa mbili za ukutani zilikuwa na balbu tofauti, moja 2700K, nyingine 6500K. Tulibadilisha balbu moja, ugomvi na fundi ukaisha.

Ni kweli chumba kidogo lazima kipakwe nyeupe?

Hapana. Nyeupe hurudisha mwanga, lakini lazima pawepo mwanga wa kurudisha. Chumba chenye dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani ukikipaka nyeupe kitakuwa kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Chumba cha hivyo mara nyingine hukubali zaidi rangi nzito yenye joto, kama ya udongo au kijani kilichoiva, kwa sababu angalau hapo giza linaonekana limekusudiwa.

Kinachokifanya chumba kionekane kidogo ni mikato. Ukuta rangi moja, mlango nyingine, ubao wa chini nyingine, fremu ya dirisha nyingine: jicho linasimama kila mahali. Paka ukuta, mlango na ubao wa chini rangi moja na utaona chumba kinavyofunguka.

Kabla hujanunua ndoo, nunua kopo dogo kabisa. Paka kipande kikubwa cha karatasi ngumu mikono miwili, yaani mara mbili, moja juu ya nyingine, kiache kikauke kabisa, kisha kiegemeze ukutani. Kiangalie asubuhi, adhuhuri na usiku taa zikiwa zimewaka, na ukihamishe ukuta kwa ukuta. Hili nililijua kwa kuumia. Nilichagua kijani laini chini ya taa za dukani, nikajiona hodari, nikapaka chumba changu chote siku moja. Jioni ilipoingia nikawa nimelala wodini.

Ninunue rangi kiasi gani?

Piga hesabu, usikisie. Jumlisha urefu wa kuta zote, zidisha kwa kimo cha ukuta, toa mlango na madirisha. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Ukuta mpya wa plasta hunywa zaidi, ndiyo maana unatanguliza praima, ile rangi ya msingi.

Mfano: chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7. Kuta zote ni mita 14, mara 2.7 ni kama mita za mraba 38. Toa mita za mraba 4 za mlango na dirisha, zinabaki 34. Mikono miwili ni 68. Gawanya kwa 10, unahitaji karibu lita 7. Nunua zote kwa mpigo, na kama ziko kwenye ndoo mbili, zichanganye pamoja kabla ya kuanza, kwa sababu ndoo mbili za jina moja si lazima zilingane kabisa.

Rangi isiyong'aa huficha mabonde ya ukuta lakini haipendi kusuguliwa. Inayong'aa husafishika, ila kila kovu la plasta litaonekana.

Na kama ukuta una unyevu, usipake. Madoa yatarudi ndani ya miezi michache na rangi itabanduka kama magamba. Tafuta maji yanatoka wapi kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali ni ya kweli neno kwa neno. Nyumba ya zamani sana ina tahadhari nyingine: baadhi ya rangi za zamani ziliwekwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiipige msasa mkavu.

Picha zitundikwe urefu gani?

Katikati ya picha ikae sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Watu wengi hutundika juu mno, kama wanaogopa mbuzi atazila.

Picha iliyo juu ya kochi ina kanuni yake: ukingo wake wa chini uwe sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wa kochi, na upana wake, au wa kundi zima la picha, ufike kama theluthi mbili ya upana wa kochi. Ukiwa na picha nyingi ndogo, zipange kwanza sakafuni mpaka uridhike. Kata magazeti kwa vipimo vya kila fremu, yabandike ukutani kwa utepe, kaa nayo siku mbili, ndipo ugonge misumari.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa anaweza kutumia vibandiko vya kutundikia. Futa ukuta kwa spiriti, si kwa maji, na usivibandike kwenye rangi iliyopakwa juzi. Ipe wiki kadhaa ikomae, la sivyo vitabanduka na ngozi ya ukuta. Soma uzito unaobebwa na kila kibandiko na usiukaribie.

Mapazia yangu ni ya kitambaa kizuri, lakini yanaonekana ya kimaskini. Kwa nini?

Kwa sababu ni mafupi, membamba na yametundikwa chini.

Fimbo ya pazia ipande juu ya fremu ya dirisha, sentimita 15 au hata karibu na dari, kisha izidi dirisha kwa sentimita 15 hadi 25 kila upande. Ukifungua pazia, kitambaa kinakaa juu ya ukuta badala ya kuziba kioo, kwa hiyo dirisha linaonekana pana kuliko lilivyo na mwanga wote unaingia. Upindo wa chini uguse sakafu kidogo tu. Pazia linaloishia kimo cha ugoko ni kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla.

Upana ndio watu wanaoubania. Kitambaa chote kikitandazwa kiwe mara mbili ya upana wa dirisha, kwa uchache mara moja na nusu, ili pazia likifungwa bado liwe na mikunjo. Kitambaa cha bei nafuu kilicho kingi hukishinda cha bei kali kilichonyooka kama shuka kwenye kamba. Kama ni cha pamba, kifue kabla hakijashonwa. Pamba hurudi, na ikirudi baada ya kushonwa umerejea kwenye ile suruali.

Zulia liwe kubwa kiasi gani?

Angalau miguu ya mbele ya makochi yote ilikanyage. Zulia dogo linaloelea katikati ni kama stempu kwenye bahasha. Bandika utepe sakafuni kwa vipimo vya zulia unalolitaka na uishi nao siku mbili kabla hujalipa. Kama hela hazitoshi kwa kubwa, tandika mkeka mpana usio na nakshi, kisha weka zulia dogo zuri juu yake.

Mimea ya ndani husafisha hewa kweli?

Si kwa kiasi utakachokihisi. Imani hii ilipata nguvu kutokana na utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989, ambapo mimea iliwekwa ndani ya masanduku madogo yaliyofungwa kabisa. Nyumba haijafungwa hivyo. Uchambuzi uliotoka mwaka 2019 ulipiga hesabu ya tafiti za aina hiyo na kuona kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ilingane na hewa inayoingia na kutoka yenyewe jengoni. Fungua dirisha.

Mimea iweke kwa uzuri wake, na kwa uzuri haina mpinzani wa bei hiyo. Sansevieria, ule mmea wa majani marefu yaliyosimama kama panga, huvumilia giza na kusahauliwa. Pothosi hutambaa, na tawi moja ukiliweka kwenye chupa ya maji huota mizizi, kwa hiyo mmoja unakuzalia mingine yote. Ila yote miwili ni sumu ikitafunwa, basi isogeze mbali na paka, mbwa na watoto wanaotambaa. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya kwanza. Ukisikia unyevu, acha. Mimea ya ndani inayokufa kwa maji mengi ni zaidi ya inayokufa kwa kiu.

Nina roshani ndogo tu. Naweza kuifanya nini?

Chagua kazi moja. Ama ni pa kunywea chai, ama ni bustani, ama ni pa kuanikia nguo. Ukitaka vyote vitatu utapata stoo yenye upepo. Kama ni pa kuketi, weka kiti kimoja au viwili vya kukunja, meza ndogo ya kuning'inia kwenye ukingo, mkeka wa plastiki unaooshwa kwa bomba, na taa. Maua yapande ukutani.

Chunga uzito. Chungu cha lita 40 kilichojaa udongo wa shambani uliolowa kinaweza kupita kilo 60, sawa na mtu mzima aliyesimama hapo usiku na mchana. Tumia mchanganyiko mwepesi wa kuotesha na vyungu vya plastiki. Kama una shaka na roshani yenyewe, muulize mwenye jengo kabla hujaijaza.

Taa za jua za bustani zinafaa, au ni hela za kutupa?

Zinafaa kama mapambo, hazifai kama taa za kusomea. Zile za nyaya zenye vibalbu vidogo zikizungushwa kwenye ukingo wa baraza hufanya kazi kubwa kuliko bei yake.

Zikianza kufifia baada ya mwaka mmoja au miwili, usizitupe. Kwanza futa kile kibao kinachopokea jua, maana vumbi tu linaweza kuwa sababu. Ikishindikana, fungua kifuniko cha chini. Nyingi zina betri ya kuchaji ya volti 1.2, ya ukubwa ule wa rimoti. Hiyo ndiyo iliyokufa, taa nzima bado hai. Weka mpya ya aina hiyohiyo. Usiweke betri ya kawaida isiyochajiwa, inaweza kuvuja au kupasuka.

Kwa taa za umeme za nje, tafuta alama ya IP. IP44 huvumilia marashamarasha, inatosha barazani chini ya paa. Mahali mvua inapopiga moja kwa moja tafuta IP65. Na hapa pia chagua mwanga wa njano: wadudu huvutwa zaidi na ule wa bluu.

Mbao za paleti (yale majukwaa ya kupangia mizigo) ni salama kutengenezea viti na meza za nje?

Nyingi ni salama, ila soma muhuri uliochomwa ubavuni. Paleti zinazovuka mipaka ya nchi huwekwa alama kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15. HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, hizo chukua. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromaidi, dawa ya sumu. Hizo ziache zilipo. Zisizo na muhuri ziangalie kwa macho na pua: doa la mafuta au harufu ya kemikali ni sababu tosha ya kuziacha.

Piga msasa kwa subira, hasa kingo, kwa sababu kibanzi cha paleti pajani hakisahauliki. Kisha paka mafuta ya mbao au varnishi ya nje. Sasa sikiliza hili, maana wengi hawalijui: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, aina moja ya hayo mafuta ya mbao, kile unachopakia, kinaweza kuwaka chenyewe kikikunjwa na kutupwa kwenye kona. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na mkunjo hulifungia ndani. Kitandaze nje kikauke, au kitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Mito ya viti vya nje isiwe na foronya za pamba. Hunywa maji, huota ukungu, na jua huifubaza. Poliesta au akriliki ya nje hudumu zaidi. Mvua ikiwahi kuinyesha, isimamishe kwa ubavu wake ijichuje. Ikilala chali hukaa na maji siku nzima.

Naweza kugeuza ndoo, makopo na masufuria ya zamani kuwa vyungu vya maua?

Ndiyo, mradi utoboe matundu chini. Kuweka kokoto chini badala ya matundu hakusaidii: maji husimama kwenye udongo juu ya zile kokoto, karibu zaidi na mizizi. Kama hutaki kutoboa chombo kizuri, otesha kwenye chungu cha plastiki chenye matundu na ukitumbukize ndani yake.

Paka vyombo hivyo rangi moja au mbili tu. Makopo kumi ya rangi kumi ni taka iliyopakwa rangi. Kumi ya rangi moja, yakipangwa kwa urefu, ni pambo. Na visahani vya chini vimwage kila baada ya siku chache, kwa sababu yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10.

Nikienda kutafuta vitu vya mitumba, ninunue nini na niache nini?

Nunua mbao halisi, vioo, fremu na vitako vya taa. Vuta droo uangalie pembe zake: mbao zilizofumana kama vidole vya mikono miwili maana yake fundi alikuwa makini, stepla na gundi maana yake haitakaa. Kabati la mtumba likipigwa msasa, likapakwa rangi na kubadilishwa vishikio huwa halitambuliki. Pima kwanza umbali kati ya matundu mawili ya kishikio. Vipimo vya milimita 96 na 128 ni vya kawaida, na ukikosea utatoboa matundu mapya na kubaki na ya zamani yanakutazama.

Acha magodoro. Makochi ya kitambaa nayo yakague mishono yake kwa tochi. Vidoti vyeusi vidogo ni dalili ya kunguni, na hao wakishaingia hawaagi. Taa ya mtumba mpe fundi umeme abadilishe waya kabla hujaichomeka.

Kioo kikubwa cha kuegemeza ukutani, ni wazo zuri?

Zuri sana, kikitazamana na dirisha au taa. Kabla ya kukiweka, keti pale unapoketi kila siku, mwambie mtu akishike, uone kinarudisha nini. Kioo kinachotazama rundo la viatu kitakupa marundo mawili.

Lakini kisiegemee tu. Kifunge juu kwa mabano mawili kwenye ukuta imara, skrubu ziingie kwenye vile viplastiki vinavyotangulia kuingia tunduni, na chini weka mpira kisiteleze. Ukiwa na mtoto anayejifunza kusimama, fanya hivyo siku ileile unayokileta nyumbani.